Sekunde Tatu za Mwanzo

Ukitaka kumuudhi Baridi, washa gari kabla hajafika. Hata kama umeliwasha kwa nia njema, kulisogeza tu kivulini au kumpisha jirani atoe la kwake, yeye hataki kujua. Atafika, ataulaza mkono juu ya boneti kwa upande wa nyuma wa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa, na akikuta joto atakwambia, "Kesho," kisha atageuka arudi alikotoka. Ukimfuata ukimbembeleza atakuongezea neno moja tu: "Mapema." Ndiyo maana hata jina lake la kweli lilisahaulika. Tangu alipoanza kazi ya kuwakagulia watu magari, kila aliyempigia simu alijibiwa maneno yale yale, nataka gari baridi, na watu wakaona la nini kuhangaika na jina refu la kwenye kitambulisho.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mpana wa mabega, magoti yamemchoka, na hakuwa na haya hata chembe ya kujisifu. Unyenyekevu, alisema, ni wa watu ambao kazi yao haijulikani. Yake ilijulikana. Mtu anayenunua gari lililokwisha kutumika hana rafiki: mwenye gari analisifia, dalali anamharakisha, nyumbani wanauliza rangi tu, na gari lenyewe limeng'arishwa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Hapo ndipo alipoitwa Baridi, asimame upande wa mnunuzi. Malipo yake yalitoka kwa mnunuzi peke yake. Kwa mwuzaji hakupokea hata glasi ya maji, na bei hakuiuliza mpaka amalize, kwa sababu alijua bei nzuri humtia mtu upofu.

Kwa nini gari baridi? Alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa uyatake usiyatake. Injini iliyopata moto, alisema, ni kama mtu aliyekwisha nawa uso na kunywa chai: ana adabu zake, anajua kuitikia salamu. Ukitaka kumjua mtu, mwone anapoamka. Sekunde tatu za mwanzo injini haijui kusema uongo. Baada ya hapo oili inapanda, vyuma vinavalishwa, na kila kitu kinaanza kujifanya kizima.

Hukumu zake zilikuwa tatu, na hazikuwa na maelezo marefu. "Chukua." "Acha." Na ile ya katikati, "Chukua lakini," ambayo baada yake alitaja kitu kimoja au viwili vya kutengenezwa kwanza. Watu walinunua kwa maneno hayo bila kuongeza swali. Kulikuwa na wanaume wazima, wenye vyeo na miwani, waliosimama pembeni ya gari wakisubiri neno la Baridi kama wanafunzi wanaosubiri matokeo.

Kazi hiyo aliijengea msingi kwa miaka ishirini na sita ndani ya gereji moja ya mabati, alikoingia akiwa msichana wa kutunza stoo ya vipuri na kutoka akiwa fundi mkuu. Upande wake ulipakana na upande wa kunyoosha bodi. Kutwa nyundo zilipiga bati, mashine ya kukata chuma ililia, na paa la mabati lilirudisha kila kelele mara mbili. Aliyeziba masikio kwa pamba alichekwa mpaka ajute. Fundi anazibaje masikio, walisema, wakati masikio ndiyo chombo chake? Baridi alikuwa wa kwanza kucheka. Na alikuwa na haki ya kucheka, kwani masikio yake yalikuwa ya ajabu: aliwahi kuketi stoo amegeuza mgongo, akatambua ni plagi ya silinda ya ngapi haichomi, na mafundi waliobisha wakamlisha chakula cha mchana wiki nzima.

Sasa, alikuwapo binti wa mdogo wake wa kiume, daktari wa mifugo. Kila mtu alimwita Daktari, ukoo mzima, hata bibi yake. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mwembamba, mpole wa sauti, na mkaidi kimyakimya kama mbuzi anayekataa kamba. Kwa miaka miwili alikuwa akifika kwa wafugaji kwa pikipiki ya kukodi, begi la dawa mgongoni, na mvua ikinyesha alifika amelowa kuliko ng'ombe. Kisha chama cha wafugaji wa maziwa kikamwita. Walimtaka awe daktari wao wa kudumu, kazi ya mkataba, mashamba arobaini na kitu, kwa sharti moja: awe na gari lake mwenyewe ifikapo Jumatatu. Wasipomwona na gari Jumatatu asubuhi, kulikuwa na daktari mwingine kwenye orodha, naye gari alikuwa nalo.

Alimfuata shangazi yake akiwa na akiba aliyoidunduliza muda wote huo, na akiba hiyo ilitosha gari moja la zamani, si moja na nusu. Akikosea hapo, hakukuwa na mara ya pili. Baridi alimpokea kwa furaha isiyojificha. "Umekuja mahali penyewe," alimwambia. "Hakuna atakayekuuzia mbuzi kwenye gunia nikiwa hai."

Magari matatu ya kwanza aliyakataa kwa siku mbili. La kwanza lilikuwa na harufu ya manukato, na Baridi alipoinua zulia chini ya kiti cha dereva akakuta matope makavu yamejificha kwenye reli. Gari lilikuwa limewahi kuzama kwenye maji. La pili lilisoma kilomita chache sana, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinachungulia. "Ama kilomita zinadanganya," alimwambia dalali, "ama dereva alikuwa anacheza ngoma juu ya pedali." La tatu alilipitishia sumaku yake ndogo iliyofungwa kwenye leso, ikanata mlango wa mbele, ikanata wa nyuma, na ilipofika ubavuni ikaanguka chini. Chini ya rangi hapakuwa na bati tena, palikuwa na puti, ule udongo wa kuzibia mabonde. Dalali akasema gari halijawahi kugongwa. Baridi akamwambia basi litakuwa limeota kipele.

La nne lilikuwa la mstaafu mmoja wa posta, na walilifuata Alhamisi alfajiri, jua ndiyo kwanza linagusa kuta. Lilikuwa gari la familia, refu la nyuma, la kijivu, lenye umri wa miaka kumi na mitano. Mstaafu alitoka na ndala miguuni na shati lililopigwa pasi kama anakwenda kazini. Kizuri chajiuza, wanasema, kibaya chajitembeza, na gari lile halikuwa limejitembeza popote: alilitangaza kwa karatasi moja tu kwenye duka la jirani.

Baridi aliweka mkono kwenye boneti. Baridi tupu. Akatabasamu, na mtu anayemfahamu angejua hapo gari lilikuwa limekwisha kupata nusu ya alama zake.

Alilizunguka mara mbili. Sumaku ilinata kila mahali. Tairi zilikuwa zimelika sawasawa, kumaanisha miguu ya gari imenyooka. Pedali, usukani na kiti vilizeeka pamoja kama mke na mume. Alifungua kifuniko cha oili, akachovya kidole, akakitazama kwenye mwanga, akakinusa: hakukuwa na weupe wa maji, hakukuwa na harufu ya kuungua. Chini ya gari, pale alipotandika gazeti, halikudondoka tone. Kisha akamwambia mstaafu aingie awashe, yeye akasimama mbele, boneti iko wazi, kichwa kimeinama, macho yamefungwa. Daktari alisimama pembeni yake.

Injini ikawaka. Baridi alisikiliza, na uso wake ukalainika. Hakusikia ila mvumo mzito, wa chini, uliotulia. Ekzosi haikutoa moshi wa kumtia mtu shaka. Waliliendesha barabarani, likapanda kilima, likafunga breki bila kuvuta upande wowote, na gia zikaingia zenyewe kama zinamsubiri. Waliporudi uani Baridi alifunga boneti kwa kishindo kidogo cha furaha.

"Chukua," alisema.

Mstaafu alipumua. Wakakubaliana kwamba kesho yake asubuhi Daktari ataleta malipo na wataandikiana karatasi. Daktari alishukuru kwa adabu zote, akamshika mzee mkono, akamfuata shangazi yake nje. Lakini walipofika kwenye kona, ukuta wa nyumba umewaficha, akasimama.

"Shangazi, naomba nikuulize kitu, ila usinikasirikie."

"Ukianza hivyo nitakasirika kabla hujauliza. Sema."

"Ile sauti ya mwanzo ni ya kawaida?"

"Sauti gani?"

"Ile alipowasha."

"Hakukuwa na sauti. Injini ile imetulia. Mwanangu, nilianza kusikiliza injini wakati baba yako bado anakojoa kitandani."

"Sikatai, shangazi. Na mbele ya mzee nisingethubutu kukusemesha." Daktari aliangalia viatu vyake, lakini hakurudi nyuma, mbuzi na kamba yake. "Nimeuliza tu. Ilikuwa kama mtu anatikisa vijiko ndani ya kopo. Upande wa mbele, pale pale ulipoinama. Sekunde tatu, labda nne. Halafu ikakatika ghafla, injini ikawa laini."

Baridi alimtazama vizuri.

Binti huyu hakujua gari. Hakujua kabureta ni nini, na aliwahi kuuliza kama betri huwekwa maji ya bomba. Hangeweza kubuni maneno yale hata angelipwa. Kwani vijiko ndani ya kopo, upande wa mbele, sekunde tatu au nne kisha kimya, ndivyo kila fundi anavyoieleza cheni ya taimingi iliyolegea, ile cheni ya ndani inayozifunga sehemu za juu na za chini za injini zizunguke kwa pamoja. Ikilegea, asubuhi kabla oili haijapanda kuikaza, hupigapiga chuma kwa muda mfupi, kisha hunyamaza siku nzima. Ukiipuuza, siku moja huruka meno, na injini hujigonga yenyewe kwa ndani ikafa barabarani. Na kosa hilo halionekani kwa macho, halinusiki, wala sumaku hailinasi. Husikika tu, asubuhi, gari likiwa baridi.

"Twende nyumbani," Baridi alisema.

Tusifichane: aliogopa. Hakuogopa gari, magari alikuwa ameyazoea. Aliogopa kitu alichokuwa amekikwepa muda mrefu kwa ujanja mwingi. Kwa miaka kadhaa alikuwa akilalamika kwamba vijana wa siku hizi wanaongea wakitafuna maneno. Kwamba simu za siku hizi hazilii. Kwamba ndege wamehama mtaani, pengine kwa sababu ya nyaya za umeme. Wajukuu walipokuja walipunguza sauti ya televisheni, naye aliipandisha akiwaambia wana masikio ya panya.

Mchana huo, nyumba ikiwa tupu, aliingia jikoni akafunga mlango. Alichukua kopo la maziwa lililokwisha, akatia vijiko vitatu vya chai, akalisogeza karibu na sikio la kulia, akatikisa. Akalihamishia la kushoto, akatikisa tena, kwa nguvu zaidi. Alihisi kopo likidundadunda mkononi. Vijiko hakuvisikia.

Alikaa kwenye kiti cha jikoni na kopo lake mapajani. Alihuzunika, na huzuni ile ilikuwa na hasira ndani yake, maana alizikumbuka zile pamba na vile vicheko, na cha kwake kikiwa cha kwanza. Mganga hajigangi. Lakini Baridi hakuwa mtu wa kukaa sana kwenye kiti. Baada ya muda aliinuka, akavirudisha vijiko mahali pake, akampigia Daktari simu.

"Kesho tunafika kabla mzee hajaamka," alimwambia. "Nawe utakuja na masikio yako."

Ijumaa alfajiri mstaafu aliwakuta getini, akashangaa, kwa maana mtaani ilijulikana kwamba Baridi halikagui gari mara mbili. Boneti ilikuwa baridi. Baridi aliifungua, akavua saa yake, akalaza kiganja kizima juu ya kifuniko cha mbele cha injini, mahali cheni inapopita.

"Ukisikia ile sauti," alimwambia Daktari, "inua kidole. Ikikatika, kishushe. Usiseme kitu."

Mzee akawasha. Injini ikavuma, ule mvumo mzuri, mzito, wa chini. Na kidole cha Daktari kikainuka.

Baridi alikitazama. Kidole kilikuwa kimesimama wima, na yeye hakusikia chochote ambacho kingekisimamisha. Moja. Mbili. Tatu. Chini ya kiganja chake alihisi mtetemo mdogo, mwembamba, ambao jana, kama angeweka mkono, angeutambua, lakini jana hakuuweka mkono pale kwa sababu aliyaamini masikio. Nne. Kidole kikashuka, na katika nukta ile ile mtetemo nao ukaisha.

"Zima, mzee," alisema, kisha akanyoosha mgongo. "Jana nilikwambia gari hili halina neno. Nilikosea. Cheni ya taimingi imelegea."

Mstaafu alishuka akiwa na wasiwasi wa mtu mwaminifu. "Ni ile sauti ya asubuhi?" aliuliza. "Naisikia tangu mwaka juzi. Nilidhani magari yote huamka hivyo. Ningejua ni ugonjwa ningewaambieni."

"Najua ungesema. Ndiyo maana sijakasirika na wewe."

Hukumu ikabadilika. Ikawa chukua lakini. Mzee alipunguza bei kwa kiasi cha cheni mpya na vipuri vyake bila kuvutana, kwa kuwa gari lilikuwa zuri kweli na wote watatu walijua hivyo. Karatasi ziliandikwa juu ya boneti, na Daktari akaweka sahihi akiuma mdomo kama mtoto.

Jumamosi nzima gari lilikuwa kwenye ile ile gereji ya mabati, kwenye nafasi ambayo Baridi alipewa bila kuomba. Fundi mmoja aliyefunzwa na Baridi zamani aliingia chini, kwa sababu magoti ya Baridi hayakumruhusu. Yeye alikaa juu, akaitoa cheni ya zamani kwa mikono yake, akamwonyesha Daktari jinsi ilivyorefuka, akamwekea mpya kando yake alinganishe. Upande wa kunyoosha bodi walikuwa wakipiga bati. Kijana mwenye nyundo hakuwa na kitu masikioni. Baridi aliacha spana, akamwendea, akamwambia maneno machache karibu na uso wake, na kijana akacheka. Baridi hakucheka. Alisimama pale pale mpaka yule kijana akaenda kutafuta pamba.

"Utaacha kazi, shangazi?" Daktari aliuliza Baridi aliporudi.

"Nani kasema? Macho yangu yapo, pua ipo, mkono upo. Sikio nitaazima." Akakaza boliti moja mpaka mwisho. "Wewe ng'ombe akiwa na kifua unasikiliza upande mmoja tu?"

"Pande zote mbili. Halafu natazama anavyosimama."

"Basi."

Lakini boliti iliyofuata aliishika mkononi bila kuifunga.

"Kuna watu niliowaambia chukua," Baridi alisema mwishowe.

Hakuandika popote, ila kila gari alilolipitisha lilikuwa kichwani mwake na rangi yake na mikwaruzo yake. Tangu mara ya mwisho alipoisikia cheni iliyolegea kwa masikio yake, mwaka mmoja na nusu uliopita, yalikuwa kumi na moja. Mengi yalikuwa na mkanda wa mpira badala ya cheni, usiopiga kelele ile, nayo yangesubiri zamu yao. Yenye cheni yalikuwa mawili: gari dogo la mizigo la mwoka mikate, na gari jekundu la mwalimu mmoja wa hesabu. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyemwuliza lolote. Angeweza kunyamaza, na dunia isingejua, na jina lake lingebaki linang'aa kama mlango wa gari la dalali. Wazo hilo lilimpitia, si uongo. Likampitia likaenda zake.

"Kesho alfajiri una kazi?" aliuliza.

"Kesho Jumapili, shangazi. Kazi yangu inaanza Jumatatu."

"Basi kesho unafanya yangu."

Gari la kijivu liliwaka Jumapili alfajiri, na kidole cha Daktari hakikuinuka. Walikwenda nalo kwanza kwa mwoka mikate, ambaye hakuelewa kwa nini anaombwa awashe gari lake mbele ya wanawake wawili, mmoja amelaza mkono kwenye injini, mwingine amekodoa macho. Kidole kilibaki chini. Baridi alirudia kumwuliza Daktari kwa macho, na Daktari akatikisa kichwa: kimya kabisa. Mwoka mikate akawapa mikate miwili. Baridi, ambaye kwa mnunuzi hakuwahi kupokea kitu zaidi ya malipo yake, aliipokea, kwa sababu siku hiyo hakuwa mkaguzi wa mtu.

Mwalimu wa hesabu aliishi nyumba ya pili kutoka mwisho wa barabara ya vumbi. Alitoka na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, akamwona Baridi, na uso wake ukafunguka. "Karibu sana, mama. Gari lako hilo hapo. Miezi minane na halijanisumbua hata siku moja."

"Umeliwasha leo?"

"Bado."

"Liwashe, mwalimu, tafadhali."

Akawasha. Kidole cha Daktari kikainuka. Kikakaa juu kwa muda uliomfanya Baridi ahesabu mara mbili kwa kutoamini: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Chini ya kiganja chake injini ilikuwa ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Saba. Kikashuka.

"Zima," Baridi alisema. "Mwalimu, usiliwashe tena mpaka nilitengeneze. Cheni ya ndani imelegea vibaya. Ingekukatikia njiani wiki yoyote, na watoto wako ndani. Kazi yote na vipuri vyote ni juu yangu."

Mwalimu alishuka polepole. Hakuonekana kushangaa. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake alikuwa nalo mfukoni muda wote.

"Ile sauti ya vijiko?" aliuliza.

"Unaisikia?"

"Tangu wiki ile ya kwanza. Mke wangu naye anaisikia. Kila asubuhi ananiambia, baba, lipeleke kwa fundi, hilo gari linaumwa. Tumegombana kwa ajili hiyo mara ngapi sijui." Alikikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Mimi nikamwambia, Baridi mwenyewe alisimama pale mbele, akafunga macho, akalisikiliza, akasema chukua. Sasa mimi na wewe ni nani wa kusikia kitu asichokisikia Baridi?"

Baridi alisimama na mkono wake bado uko juu ya injini. Maisha yake yote alitaka watu waliamini neno lake hivyo, na sasa alikuwa ameonyeshwa mtu aliyeliamini. Ilimwuma kuliko kama angetukanwa.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa thabiti, "mimi sikuisikia kwa sababu masikio yangu hayasikii tena sauti hizo. Siku ile nilisimama pale nikafunga macho, na sikusikia kitu, nikadhani hakuna kitu. Ninyi mlisikia. Mke wako alisema kweli, na wewe ulisikia kweli. Ingia ukamwambie kwamba nimesema hivyo, kisha uniletee ufunguo."

Mwalimu alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Dirisha lilikuwa wazi. Baridi aliona pazia likisogea, na vivuli viwili nyuma yake, na kwamba watu wale walikuwa wakisemezana. Akamgeukia Daktari.

"Mwanangu," alisema, "wanasema nini?"